Viwavijeshi wa Namna Mbili



Hapa Ipagala mvua zikianza, mwezi wa Novemba au Desemba, mahindi huchipua, na haikawii utasikia, "Viwavijeshi wamekuja!" Lakini ni wepi? Siku hizi wako wa namna mbili. Asiyewapambanua hukosea dawa, na watoto wake hulala njaa.

Mama yao ni nondo, yule mdudu wa usiku azungukaye taa. Usijisumbue naye. Nondo hawa ni wadogo, wa rangi ya kijivu na kahawia, hata wataalamu huwatazama sana. Tazama mtoto wake, yaani kiwavi.

Yule wa zamani, mwenyeji wa Afrika, huja kwa makundi makubwa. Kundini huwa mweusi mwenye mistari ubavuni. Hula nyasi malishoni, kisha wote huhamia kwenye mahindi, mtama na uwele. Huyu kila mtu humwona. Mpashe habari bwana shamba siku ile ile, kwa maana shamba moja likinyunyiziwa dawa na la jirani likaachwa, ni kazi bure.

Wa pili, kiwavijeshi vamizi, asili yake ni bara la Amerika. Alionekana Afrika mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017. Huyu hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na mwenye shamba hana habari. Ukikuta humo kinyesi kama unga wa mbao uliolowa, mtafute. Usoni ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Lakini viwavi wengine nao waweza kuwa na alama kama hiyo, basi tazama karibu na mkia. Ana madoa manne meusi, yamekaa kama miguu ya kitanda. Hayo ndiyo shahidi.

Dawa yake ni kumwahi. Tangu mahindi yachipue, kagueni shamba mara mbili kwa juma, tuseme Jumatano na Jumamosi. Watoto nao waende, macho yao ni makali. Mayai hukaa pamoja juu ya jani, yamefunikwa na manyoya kama sufu. Yapondeni. Wakulima wengi hutia majivu au udongo ndani ya moyo wa mmea. Akishakua na kuzama humo, dawa ya kunyunyiza haimfikii, na fedha zako zimepotea.

Tumeomba mvua kanisani. Sasa twende tukalinde kilichoota.