Miwani ya Kilimanjaro: usidanganyike na weusi wa kioo

Kila mwaka wapo vijana wanaopanda Kilimanjaro ili wafike kileleni 9 Desemba, Siku ya Uhuru. Mzazi hukagua viatu, koti zito na dawa. Miwani hununuliwa mwisho, tena barabarani, kwa kuangalia kama inapendeza usoni.

Kilele cha Uhuru kipo mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye lebo, huongezeka kwa takriban asilimia 10. Theluji mpya nayo huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo, kwa hiyo kofia pekee haitoshi; jua linakupiga hata kutoka chini. Kinachoungua ni konea, utando angavu wa mbele ya jicho. Ubaya ni kwamba hausikii chochote palepale. Baada ya saa kadhaa, mara nyingi 6 hadi 12, macho huanza kuuma kama yamemwagiwa mchanga, machozi hutiririka, na kope hazifunguki. Mtu wa namna hiyo bado ana njia ndefu ya kushuka.

Kioo cheusi si lazima kiwe kinga. Weusi hupunguza mwanga tu, na mboni ikipata giza hupanuka. Kama kioo hakichuji UV, mionzi inaingia kwa wingi zaidi. Tafuta maandishi ya UV400 au kinga ya UV ya asilimia 100. Kisha tazama daraja la kioo, kuanzia 0 hadi 4. La 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, la 4 hupitisha asilimia 3 hadi 8. Kwa theluji na jua kali, la 4 ndilo bora, ila usiendeshe gari nalo. Bei kubwa haithibitishi chochote.

Miwani ya kawaida huacha mwanga upenye pembeni, kwa hiyo chagua iliyozibwa ubavuni, au ile kubwa ya theluji yenye mkanda. Hii ya mkanda ina adui wake: ukungu. Chagua yenye vioo viwili na matundu ya hewa juu na chini, yaliyofunikwa kwa sponji nyembamba. Ukikodi au ukinunua ya mtumba, bonyeza sponji uone kama inabomoka, na hakikisha matundu hayajaziba. Usiifute ndani kwa glovu, utakwangua dawa ya kuzuia ukungu. Wala usiipandishe kwenye paji la uso lenye jasho, maana hapo ndipo inapolowa, na mtu akichoka na ukungu huivua kabisa. Mwanao akivaa miwani ya macho, ajaribu zote mbili pamoja kabla ya safari.

Safari ya kileleni huanza usiku wa manane, kwa hiyo miwani hubaki chini kabisa ya begi. Iwe mfukoni mwa koti, ivaliwe jua linapochomoza, hata kukiwa na mawingu.

Wapagazi na waongozaji wanaofika juu mara nyingi kwa mwaka huungua zaidi kuliko mgeni wa siku moja. Kampuni inayokagua viatu vyao ikague na miwani.

Macho yakishaungua, toa lenzi za kuvaa ndani ya jicho, kaa gizani, weka kitambaa kibichi cha baridi, meza parasetamo, usifikiche. Kwa kawaida hupona ndani ya siku 1 hadi 3. Usikubali kupewa matone ya ganzi ukayatumie nyumbani. Huchelewesha konea kupona. Maumivu yakizidi siku 2, nenda kliniki ya macho. Na mtu akiwa juu akaanza kuona ukungu bila maumivu yoyote, usilaumu miwani: huenda ni athari ya kimo, ashushwe mara moja.