Picha na Maelezo Yake Visiachane

Koplo mmoja wa polisi wa barabarani alikuwa na picha sita alizozipiga mahali ambapo lori lilikuwa limegongana na bodaboda. Ya tatu ilionyesha alama za breki za lori. Ya nne, mabaki ya pikipiki kando ya mtaro. Aliiandika taarifa yake kwa kompyuta hadi usiku wa manane, akaweka maelezo chini ya kila picha, akaridhika. Asubuhi mkubwa wake akamwagiza aongeze aya mbili mwanzoni. Akaziongeza, akachapa, akatia sahihi bila kuzipitia tena kurasa. Karatasi zilipomfikia wakili wa familia ya marehemu, chini ya picha ya pikipiki palisomeka, "Alama za breki za lori." Taarifa ikarudishwa, na mjane akaambiwa angoje tena fidia ya bima.

Mkewe koplo, mwalimu wa shule ya msingi ambaye huchapa mitihani kila muhula, aliitazama kazi hiyo jioni.

"Baba watoto, picha hizi hukuzifunga."

"Sasa nizifunge kwa kamba gani, mama?"

Swali lake lilikuwa la haki. Enzi za taipureta picha ilibandikwa kwa gundi, na gundi haikuwa na hiari ya kuhama. Katika Microsoft Word picha huweza kukaa kwa namna mbili. Ya kwanza, huwa kama herufi kubwa mno ndani ya mstari: maneno yakisogea, nayo husogea pamoja nayo. Ya pili, huelea juu ya ukurasa huku imeshikizwa kwenye aya fulani, ambayo huenda siyo ile mwandishi anayoidhania, hasa ikiwa aliiburuta picha kwa kipanya. Aya hiyo ikivuka kwenda ukurasa wa pili, picha huifuata, na maelezo hubaki nyuma yakisubiri picha nyingine.

Mwalimu akabofya kila picha na kuchagua mpangilio ulioandikwa "In Line with Text". Akaipa kila picha aya yake peke yake, akaiweka katikati. Picha moja ikaonekana ukanda mwembamba tu, kana kwamba imekatwa kwa wembe. Kumbe nafasi ya mistari ilikuwa imewekwa kwa kipimo kisichobadilika. Aliporudisha nafasi ya kawaida, picha ikatokea yote.

Kisha akayafuta maelezo aliyoyaandika mumewe kwa mkono wake, jambo lililomuudhi kidogo koplo. Akabofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua "Insert Caption", akaunda neno la utangulizi "Picha" badala ya lile la Kiingereza. Nambari zinazotokea hapo huhesabiwa na programu yenyewe. Koplo alipokumbuka picha ya saba, iliyopaswa kukaa baada ya ya pili, hapakuwa na haja ya kuandika upya nambari zilizofuata. Hata pale ndani ya taarifa panaposema "tazama Picha 5", nambari haikuandikwa kwa vidole bali iliingizwa kwa njia ya "Cross-reference". Ctrl pamoja na A, kisha F9, na zote zikajirekebisha. Maelezo ya picha inayoelea huwekwa ndani ya kisanduku chake, na amri hiyo huweza kuyaruka. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoziacha picha zielee.

Ili picha isiachwe chini ya ukurasa mmoja na maelezo yakaenda ukurasa mwingine, aya ya picha hupewa sharti la "Keep with next", yaani ishikamane na aya inayoifuata. Mwisho waraka ulihifadhiwa kama PDF, ambamo kurasa hubaki zilivyopangwa hata zikifunguliwa katika kompyuta nyingine.

Jambo moja mwalimu alilisisitiza kuliko yote. Word huweza kupunguza ubora wa picha inapohifadhi waraka, kwa hiyo picha iliyo ndani ya taarifa si badala ya ile ya asili. Koplo akazinakili picha zote saba kama zilivyotoka kwenye kamera, akaziambatanisha na jalada. Safari hii alizipitia kurasa moja moja, kidole juu ya picha na jicho juu ya maelezo, ndipo akatia sahihi.