Mkague Somo, Msikague Jengo

Kwa walimu wa Kilifi, Kwale na Taita Taveta, na kwa wakubwa wao walioko Upper Hill, Nairobi.

Mwandishi wa barua hii alifundisha kemia Kilifi kabla hajawa mtu wa zamu ya usiku katika makao ya wazee jimboni Minnesota, Marekani. Salamu anazo tele, ila zitangoja kidogo. Leo hasira imetangulia.

Hasira yenyewe ilianza Septemba 2021, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilipozindua mafunzo ya lazima ya kuwaendeleza walimu kazini. Walimu waliambiwa kuna moduli sita, kila moja ya miaka mitano. Kwa hesabu hiyo, anayeanza akiwa na umri wa miaka 25 atamaliza akiwa na 55. Ada ilikuwa shilingi 6,000 kwa mwaka, kutoka mfukoni mwa mwalimu mwenyewe. Na wa kufundisha walikuwa wamekwisha kuchaguliwa: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Riara, na KEMI, taasisi ya serikali inayoshughulikia usimamizi wa elimu. Nchi nzima, milango minne.

Kelele zilipigwa, tena za haki. Chama cha walimu cha KNUT kilipinga. Mwalimu kibarua wa sekondari msingi alikuja kuajiriwa kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato, na mwenye nyumba hajui kama mpangaji wake ni kibarua. Lakini kelele zote ziliishia kwenye elfu sita. Mwandishi alitega sikio kutoka mbali, akingoja mtu aulize jambo la pili: nani kasema ni taasisi hizo nne tu zinazojua kumfundisha mwalimu? Hakumsikia.

Jambo hilo lilimchoma zaidi siku alipomkuta jirani yake, mwalimu wa shule ya msingi, akihesabu saa za kuhuisha leseni. Huko Minnesota mwalimu mwenye leseni ya daraja la nne, lililo la juu kabisa, hutakiwa kuwa na saa 125 za mafunzo katika miaka mitano. Huzikusanya kidogo kidogo, kisha huzipeleka mbele ya kamati ya wilaya yake ya shule, ambamo walimu wenzake wamo. Baadhi ya saa za jirani huyo zilitoka kwa mtu mmoja tu, asiye na chuo wala bango barabarani, anayewafundisha walimu kufundisha mtandaoni akiwa mezani kwake nyumbani. Kamati ilitaka kujua alichojifunza. Haikuuliza mkufunzi ana majengo mangapi.

Na Kenya ndiyo hasa inayowahitaji watu wa namna hiyo. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Julai, Waziri wa Elimu George Magoha akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea, na ilikuwa hadi Januari 2021 ndipo madarasa yote yakarudi. Katika miezi hiyo mwalimu wa kawaida, mwenye simu mkononi na darasa zima ndani ya kundi la WhatsApp, hakuwa na wa kumwelekeza. Wengi walipiga picha kurasa za kitabu wakazituma. Mtoto akafungua picha, akaona maandishi yamepinda, akaifunga. Huko kukaitwa kufundisha mtandaoni, na ripoti zikaandikwa.

Wala isisemwe kwamba pesa hazikuwapo. Laptopu walizoahidiwa wanafunzi mwaka 2013 ziligeuka tabuleti mwaka 2016, na zaidi ya milioni moja zikapelekwa katika shule za msingi zaidi ya 21,000, pamoja na projekta na laptopu za walimu. Leo aulizwe mwalimu mkuu ziko wapi. Katika shule nyingi zimo stoo, chini ya kufuli, zikilindwa dhidi ya wezi na dhidi ya watoto. Serikali ilinunua mashine kwa mabilioni, kisha ikadhani mwalimu ataijua mashine hiyo kwa kuitazama, au kwa semina ya siku chache hotelini, yenye chai ya saa nne na picha ya pamoja.

Ujuzi wenyewe upo, hapo hapo nyumbani. Mwaka 2019 Bruda Peter Tabichi, Mfransisko aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro (Pwani hiyo haina bahari, lakini ukame inao), alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani ya Wakfu wa Varkey, dola milioni moja. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Alikuwa akienda saiba, anapakua anachokihitaji, anarudi nacho darasani kukitumia bila mtandao. Mbinu hiyo ndiyo wanayoihitaji walimu wa Ganze na Magarini, kuliko mhadhara wa saa tatu kuhusu falsafa ya elimu. Basi achukuliwe yeye awe mfano: kwa mpango ule wa milango minne, Tabichi akitaka kuwafundisha walimu wenzake mbinu hiyo kwa jina lake mwenyewe, hakuna ambaye angehesabiwa kwamba amefunzwa. Dunia nzima imempigia makofi, na Tume ingemwelekeza kwenye foleni ya kulipa elfu sita.

Kwingine mtu mmoja ametosha. Mwingereza Russell Stannard, mhadhiri wa chuo kikuu, alianza kurekodi skrini ya kompyuta yake huku akieleza kwa sauti yake jinsi mwalimu anavyoweza kuitumia programu hii na ile. Hakuwa na studio. Alizungumza taratibu, alibofya, alirudia, akaziweka video hizo mtandaoni bure. Walimu wa Kiingereza wa nchi nyingi wakazifuata, na mwaka 2010 akapewa tuzo ya ELTons ya British Council. Hakuna alichokifanya kinachomshinda mwalimu wa Kaloleni mwenye laptopu nzima na chumba kisicho na kelele za pikipiki.

Mtaji wa kazi hii ya kuwafundisha walimu mtandaoni hautishi. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inamruhusu mtu mmoja peke yake kuwa na kampuni, na asiyetaka kampuni husajili jina la biashara kupitia eCitizen, akaendelea na PIN yake ya KRA. Zoom ya bure hukata mkutano wa kundi dakika ya 40, na mkufunzi mwerevu huigeuza kasoro hiyo kuwa ratiba: dakika 35 za somo, walimu wanakwenda kujaribu darasani, keshokutwa wanarudi na maswali. Kwa wale ambao bando lao ni la kubahatisha, kuna ujumbe wa sauti wa WhatsApp, dakika nne tu, na picha moja ya ubao ulioandikwa vizuri. Malipo huingia kwa simu kupitia Pochi la Biashara ili yasichanganyike na pesa za unga.

Bei? Shilingi 150 kwa somo. Walimu 40 wakilipa, hizo ni elfu sita: kiasi kile kile alichotakiwa kutoa mwalimu mmoja kwa mwaka, sasa kimekuwa pato la jioni moja la mwalimu mwenzao.

Kinachowaangusha wengi wanaoanza ni tamaa ya kufundisha kila kitu. Mwenye kutangaza “stadi za kidijitali za karne ya 21” hapati mtu. Mwenye kutangaza jinsi ya kusahihisha zoezi la wanafunzi 50 kwa fomu ya Google kabla ya chakula cha usiku, au jinsi ya kuonyesha titresheni kwa simu pale maabara isipokuwa na bureti, huyo watu watamtafuta. Somo moja, tatizo moja linalomnyima mwalimu usingizi. Mengine yatafuata yenyewe.

Halafu mkufunzi huyo anaugonga ukuta wa cheti.

Mwalimu wa Mariakani, kabla hajatoa mia na hamsini yake, atauliza: TSC wanaitambua? Akiambiwa hapana, anaaga kwa adabu. Mwandishi ameisikia adabu hiyo mara nyingi. Siku zake za mapumziko huendesha vipindi vyake mwenyewe. Saa sita mchana ya Minnesota majira ya baridi huwa saa tatu usiku Kilifi, wakati watoto wamelala na mwalimu ana nafasi ya kujisikiliza. Waliobaki naye ni wale wachache wapendao kujifunza kwa ajili ya kujifunza. Mungu awape umri mrefu, ila biashara haijengwi juu ya mawalii peke yao.

Ndiyo maana wenye kipaji wanaelekea kwingine. Mmoja anafungua akaunti katika Preply, tovuti ya kufundishia lugha, anafundisha Wajerumani kusalimiana kwa Kiswahili. Kampuni huchukua malipo yote ya somo la kwanza la majaribio la kila mwanafunzi mpya, kisha hukata asilimia 33, ambayo hushuka polepole hadi 18 kadiri saa za kufundisha zinavyoongezeka. Naye anashukuru, maana huko hakuna anayemdai muhuri. Asiyekwenda kwa mtandao huenda kwa ndege. Wakubwa wanapowatembelea Wakenya wa ughaibuni husifu pesa zinazotumwa nyumbani, karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na ukumbi hupiga makofi. Hakuna anayesimama kutaja darasa lililoachwa ili pesa hizo zitumwe, na mwandishi naye hukaa kimya, sahani ya pilau mapajani.

Walimu nao, kwa mapenzi yote, wasijifiche nyuma ya Tume. Semina isiyo na nauli wala chakula cha mchana, nusu hawafiki. Cheti kikishapakwa plastiki kinaingizwa kwenye faili, faili linaingia chini ya kitanda, na darasani chaki inaendelea kama juzi. Kuna mwalimu, rafiki wa dhati wa mwandishi, mwenye vyeti vya mafunzo ya kompyuta vya kujaza kuta za sebule, na bado humwita mwanawe kila anapotaka kuambatisha faili kwenye barua pepe. Huyu naye alipinga elfu sita kwa sauti kuliko wote. Alikuwa sahihi, lakini jamani.

Ombi la barua hii kwa Upper Hill ni moja. Kifungu cha 35 cha Sheria ya TSC ya mwaka 2012 kinaipa Tume mamlaka ya kumtaka kila mwalimu aliyesajiliwa ajiendeleze. Hakikutaja majengo. Tume na ifungue daftari la wakufunzi binafsi. Mtu alete somo moja alilolitunga, mpango wake kwa maandishi, rekodi mbili akilifundisha, na ushahidi kwamba yeye mwenyewe amelitumia mbele ya wanafunzi. Likaguliwe na walimu wa somo hilo kutoka kaunti tofauti, wanaoshika chaki kila siku, wala si kamati ya maprofesa waliotoka darasani wakati wa mfumo wa zamani. Likipita, lipewe nambari ya miaka miwili, na saa zake zihesabike sawa na saa za chuo kikuu.

Na kipimo kisiwe mahudhurio. Mtu anaweza kuwasha Zoom akaenda kuosha vyombo. Mwandishi ameyasikia maji yakimwagika. Mwalimu atume dakika kumi za darasa lake akiitumia mbinu aliyofundishwa, hata kama kamera ni ya simu iliyoegemezwa kwenye kifutio. Mkufunzi ambaye walimu wake hawana cha kuonyesha, nambari yake ifutwe bila barua ya kumbembeleza.

Watasema matapeli watajaa, kana kwamba vyeti vya sasa vinawazuia. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba watumishi zaidi ya 2,000 walikuwa wameingia kazini au kupanda vyeo kwa vyeti vya kughushi. Mwenye kughushi hutafuta jina kubwa la kuiga. Hana haja na jina la mwalimu mmoja wa Msambweni na laptopu yake. Karatasi hughushiwa kwa jioni moja, lakini dakika kumi za darasa lenye watoto wanaojibu maswali zina taabu yake.

Wengine watasema aliyeondoka hana haki ya kuwaelekeza waliobaki. Hapo mwandishi hana jibu zuri. Kidato cha tatu alichokiacha katikati ya muhula huenda kilipata mwalimu mwingine, huenda hakikupata. Hakuuliza, na wanaomwandikia hawakumwambia. Bado wanamwita mwalimu. Mmoja wao anafundisha Malindi sasa, kwa ukibarua, na ndiye aliyemtumia habari za moduli zile sita, pamoja na kikaragosi cha kucheka.

Salamu sasa. Zimfikie mwalimu mkuu wa zamani, ambaye aliruhusu kabati la maabara lifunguliwe jioni ingawa kanuni ilikataa. Ziwafikie walimu wa kemia wa pwani yote: likizo ya Agosti kutakuwa na vipindi vya bure kuhusu kufundisha titresheni kwa simu, saa tatu usiku, dakika 35 kila kipindi, na rekodi za sauti kwa wasio na bando. Vyeti havitatolewa. Tume nayo inatumiwa nakala ya barua hii, mpango wa somo na rekodi mbili, kama mwandishi anavyotaka wengine wafanye. Zikipotea juu ya meza ya mtu, atatuma tena.