Nyumba imekarabatiwa, karatasi ziko wapi? Anachopaswa kujua mnunuzi wa Mbulu na Hanang

Bati jipya, rangi mpya, vigae sebuleni, na dalali anayesema: "Hati ipo, inashughulikiwa tu." Kwa anayenunua nyumba Katesh, Haydom au Mbulu mjini, hilo neno "inashughulikiwa" linaweza kula miezi. Wakati mwingine linakula na hela.

Tatizo ni kwamba karatasi hazitoki ofisi moja. Kibali cha ujenzi ni cha halmashauri, na siku hizi kinaombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Kodi ni TRA. Uhamisho wa hati unapita kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa mkoa, Babati. Ofisi hizo za mikoa zilifunguliwa 2020, kabla ya hapo watu walifuata kanda. Safari imepungua, ila faili lenye pengo moja bado linarudishwa lilikotoka.

Na ukarabati ndio huzaa pengo hilo. Kupaka rangi si shida. Kuongeza vyumba au kubomoa kuta kunahitaji kibali, na wengi hujenga kwanza. Anayekuja kudaiwa ramani ya jengo ambalo hakulijenga ni mnunuzi.

Kabla ya kudai hati, jua ni hati ipi. Kiwanja kilichopimwa mjini kina hati miliki chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999. Ardhi ya kijiji ina hatimiliki ya kimila, na mauzo yake lazima yapite halmashauri ya kijiji. Muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji peke yake hauhamishi umiliki, hata kama mashahidi ni kumi. Pembezoni mwa miji inayopanuka kama Haydom, swali la "hapa ni mji au kijiji?" liulizwe ofisi ya ardhi ya halmashauri, si kwa dalali.

Risiti ya LUKU nayo isikuzuge. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo, kwa hiyo hata mpangaji anailipa. Haisemi nyumba ni ya nani.

Silaha kubwa ya mnunuzi ni malipo yenyewe. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji, na bila cheti cha TRA uhamisho hausajiliwi. Muuzaji aliyeshapewa hela yote hana haraka ya kwenda TRA. Mkataba useme sehemu ya bei, tena ile inayouma, italipwa hati ikishabadilishwa jina, na uandikwe tarehe ya mwisho. Kama ni nyumba ya familia, ridhaa ya mke au mume ipatikane kwa maandishi. Hiyo ikikosekana, mauzo yanaweza kubatilishwa mahakamani.

Kwa Hanang kuna la ziada. Baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023, Serikali ilijenga nyumba Waret kwa waathirika. Plasta mpya inaweza kuficha alama za maji, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Nyumba iliyo ndani ya eneo hilo inaweza isipate kibali kabisa, hata ukisubiri miaka. Pima umbali huo kabla ya kutaja bei.