Cron haina makosa, makosa ni yetu

Jamani, leo nina hasira na nitaandika nazo hivyo hivyo.

Kuna duka la vifaa vya ujenzi huko Thika nililoliandikia skripti ya kuhifadhi nakala ya data kila saa nane usiku. Niliijaribu mwenyewe kwenye teminali nikiwa Ruiru, ikafanya kazi, nikalipwa. Miezi miwili baadaye diski ikafa. Kufungua nakala, kila faili ina baiti 20. Yaani gzip ilikuwa inabana hewa! Wenye duka walikaa siku tatu wakiandika upya madeni ya wateja kutoka kwenye risiti.

Kilichotokea ni hiki. Programu ya pg_dump ilikuwa kwenye folda ambayo .bashrc yangu iliiongeza kwenye PATH. Cron haisomi .bashrc. Huanza na PATH fupi, kwa kawaida /usr/bin:/bin. Ni kama kumtuma fundi Thika na kumwambia "chukua nyundo" huku nyundo umeiacha Ruiru. pg_dump haikuonekana, gzip ikapokea utupu, ikaubana, ikaripoti kwamba mambo ni shwari. Cron ilijaribu kutuma kosa kwa barua pepe, ila seva haikuwa na njia ya kutuma barua.

Sasa wapo wanaosema cron ni mbovu, hamia systemd. Wapi! Systemd nayo haisomi .bashrc. Wengine watakwambia uite .bashrc ndani ya skripti. Kwenye Ubuntu faili hiyo hujikatiza mistari ya mwanzo ikiona hakuna mtu kwenye teminali. Na hata ingekubali, kwa nini data ya mteja itegemee faili unayopambia teminali yako?

Mimi nasema skripti inayotegemea mazingira ya aliyeiandika haijaisha. Andika njia kamili ya kila programu. Vigeu viweke ndani ya skripti, au kwenye EnvironmentFile kama ni systemd. Tumia bash na uweke set -o pipefail, ili kosa la katikati lisifichwe. Kisha ijaribu ikiwa uchi:

env -i PATH=/usr/bin:/bin ./nakala.sh

"Kwangu inafanya kazi" si jibu. Mteja hakulipia kompyuta yako.

Mwenye kubisha, kwanza akaangalie nakala yake ya jana usiku ina baiti ngapi.