Kibarua wa Uganda na Kibarua Wetu

Ndugu wakulima, mwezi uliopita mzee mmoja alifika afisini kwetu kuuliza habari za mbolea ya ruzuku. Nilipokuwa nikilitafuta jina lake katika orodha, alianza kuzungumza juu ya vibarua. "Mwalimu," aliniambia (wengi huniita hivyo, maana nilisomea ualimu kabla sijaingia kazi ya ukarani), "serikali yatuongezea mshahara wa vibarua kila mara, na huko Uganda hapana amri kama hiyo. Mahindi yao yapita Busia na Malaba kwa bei ambayo mimi siiwezi. Mkitaka tuuze, tuacheni tulipe kama wanavyolipa wao." Wenzake waliokuwa kwenye foleni walimwitikia, na mama mmoja akasema hata maziwa ni hivyo hivyo.

Siku ile sikumjibu vizuri, kwa kuwa watu walikuwa wengi. Lakini neno lake si la kupuuzwa, na nimeona afadhali nilijibu hapa.

Kwanza, mzee alisema kweli juu ya sheria. Uganda iliweka kima cha chini cha mshahara mwaka 1984, shilingi 6,000 za Uganda kwa mwezi, na tangu hapo hakijapandishwa. Ukizibadili leo pesa hizo, hazifiki Shs. 250 za kwetu. Yaani mshahara wa mwezi mzima hauwezi kumlipa kibarua mmoja siku moja hapa Nakuru. Bila shaka hapana anayelipwa hivyo sasa, bali maana yake ni kwamba tajiri na mfanyakazi wapatana wenyewe, na mwenye njaa ndiye anayekubali upesi. Mwezi wa Februari 2019 Bunge la Uganda lilipitisha mswada wa kuweka vima vipya, lakini Rais Museveni alikataa kuutia sahihi, akisema sheria iliyokuwapo yatosha.

Kwetu, amri ya mishahara ya kilimo hutolewa upya baada ya muda. Mwaka 2022 kima kilipandishwa kwa asilimia 12, na mwaka 2024 kwa asilimia 6, hata mfanyakazi wa shamba asiye na ufundi akawekewa karibu Shs. 8,000 kwa mwezi. Mfanyakazi wa namna ile ile mjini Nairobi aliwekewa zaidi ya Shs. 16,000. Tazameni basi: huyu wa shamba, tunayesema ni ghali, sheria yenyewe imempa nusu tu ya mwenzake wa mjini.

Juu ya mambo mengine ya kazi, nchi hizi mbili hazikuachana sana. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 na ya kwetu ya mwaka 2007 zote zatoa likizo ya siku 21 kwa mwaka. Mama akijifungua Uganda hupata siku 60 za kazi, na hapa miezi mitatu. Baba hupata siku nne kule na majuma mawili hapa. Lakini hayo ni ya mtu aliyeandikwa kazi. Kibarua wa siku, awe wa Mbale au wa Bahati, akiumwa hafiki kazini, na asipofika halipwi. Sisi tunaoandika kwa siku tusijisifu kwamba watu wetu wana hali njema kwa sababu ya sheria iliyo kabatini.

Sasa niulize: je, ni ujira mdogo unaoyafanya mahindi ya Uganda yawe rahisi? Mimi naona ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ya Uganda hupata mvua mara mbili kwa mwaka, na mahindi yao huiva kwa miezi minne hivi, kwa hiyo shamba moja hutoa mavuno mawili. Kwetu huku juu, Molo au Mau Narok, mbegu ya 614 hukaa shambani miezi sita hata minane, na mwaka umekwisha. Tena mkulima wa Uganda hutia mbolea kidogo sana au hatii kabisa, lakini wewe, hata ukiipata ya ruzuku kwa Shs. 2,500 gunia, ni pesa iliyotoka mfukoni kabla hujaona jani. Na wakati mwingine urahisi huo ni wa mahindi yasiyokauka. Machi 2021 serikali yetu iliyazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu ya ukungu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme palizi ya eka moja yataka vibarua kumi kwa siku moja, nawe walipa kila mmoja Shs. 400. Ukimpunguzia kila mtu Shs. 100 umeokoa Shs. 1,000, na kwa palizi mbili Shs. 2,000. Ukivuna magunia 20, umepunguza gharama ya gunia kwa Shs. 100. Je, hiyo ndiyo itakayomshinda Mganda? Gunia moja tu likiliwa na dumuzi ghalani, akiba yako yote imekwisha na zaidi. Na vibarua kumi uliowapunja watapalilia kama watu waliopunjwa. Nimepita mashamba ya namna hiyo: magugu yamekatwa vichwa tu, na baada ya mvua mbili yamesimama tena.

Kuna jambo jingine, na nalisema kwa heshima kwa kuwa wengi wenu ni umri wa baba zangu. Mashamba haya tuliyogawiwa, tangu mpango wa eka milioni moja ulioanza mwaka 1962, yalikuwa ya masetla. Na masetla nao walikuwa na hesabu kama hii. Mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka, walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Harry Thuku alipinga jambo hilo pamoja na kipande, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kumdai wakapigwa risasi. Babu zetu waliokaa mashambani humu kama maskwota walitakiwa na sheria ya 1918 wamfanyie setla kazi siku 180 kwa mwaka ili wapate mahali pa kulima na kulisha. Setla naye alisema mazao hayana bei, na kwamba mtu mweusi akilipwa zaidi shamba litafungwa. Sisemi mzee wetu ni setla. Eka zake ni chache na deni lake ni la kweli. Lakini nilipomsikia nilikumbuka hadithi za nyumbani.

Mimi naishi Kaptembwo. Asubuhi mapema barabara yetu hujaa vijana waendao kutafuta kazi mjini, na nikiwauliza wengi husema wametoka mashambani: hapa palikuwa na palizi ikalipwa nusu, pale mavuno yakalipwa baada ya miezi miwili. Katika duka lililo karibu na kwangu maziwa hupimwa kwa kikombe, na unga hununuliwa kwa nusu kilo. Wanunuzi ni hao hao vibarua. Maziwa ya yule mama aliyekuwa kwenye foleni huenda yanaishia humo, na mwenye duka aniambia siku ambazo watu hawakupata kazi hurudisha nusu ya mtungi.

Kwa hiyo mzee akitaka kushindana na Uganda, mimi ningeanza na kukausha mahindi, ghala na mbegu inayoiva mapema, nami ningemwacha kibarua na Shs. 400 zake, zilipwe jioni ile ile. Bei ya mpakani ni kazi ya serikali, nayo yafaa tuiulize bila kuchoka.

Tangu siku ile mzee hajarudi. Akija kuchukua mbolea nitamwonyesha hesabu hii ya magunia 20, na nitamwuliza wapalilia wake wa mwezi wa Mei wamekwisha kulipwa au bado.