Tuuze picha ya kombe, kombe libaki baharini

UKIPITA kando ya bahari kuanzia Malindi hadi Mtwara, huwezi kukosa meza ya mfanyabiashara mdogo iliyopangwa makombe na kauri zinazosubiri mtalii. Biashara hii inalisha familia na inasomesha watoto, wala sioni sababu ya kumbeza anayeifanya. Hata hivyo ina kasoro moja ambayo mkulima yeyote anaielewa bila kuelezwa. Ni sawa na kula mbegu.

Chukua mfano wa konokono mkubwa wa baharini ambaye wataalamu humwita Charonia tritonis. Kombe lake ni zuri na lina bei, kwa hiyo hutafutwa sana. Kumbe huyu ni mlinzi, kwani chakula chake kimojawapo ni kiti cha pweza chenye miiba, kiumbe anayekula matumbawe hai. Akipungua mlinzi, adui hupata nafasi zaidi, na matumbawe yakifa, samaki hukosa mahali pa kujificha na kuzalia. Hivyo kombe linalouzwa leo mezani linaweza kumpunguzia mvuvi changu wa kesho.

Je, ipo njia ya kuuza kombe hilo hilo mara elfu kumi bila kulitoa majini? Ipo, na wazee wetu waliijua. Ni stempu.

Desemba 1967 Tanzania ilitoa stempu za matumizi ya kila siku zenye picha za samaki. Mwaka 1971 Kenya nayo ikatoa za kwake zenye makombe ya baharini. Zote zilichorwa na msanii Rena Fennessy. Wakati huo stempu ya nchi moja ilikubalika pia kwa majirani, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Hivyo mkulima wa bara ambaye hajawahi kuiona bahari aliweza kupokea barua yenye samaki wa pwani. Stempu hizo bado zinauzwa na kununuliwa na wakusanyaji duniani.

Visiwa vya Komoro vilitangulia. Desemba 1952 mvuvi wa kisiwa cha Anjouan alimpata silakanti, samaki wa kale ambaye Profesa J.L.B. Smith wa Afrika Kusini alikuwa ametangaza zawadi ya pauni 100 kwa atakayempata. Mwaka 1954 samaki huyo alikuwa tayari kwenye stempu ya Komoro. Kwetu silakanti alianza kunaswa na wavuvi mwaka 2003, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari ya Tanga yenye jina lake. Silakanti haruhusiwi kuuzwa nje kibiashara, lakini hakuna sheria inayokataza kuuza picha yake.

Msomaji atauliza, stempu ina faida gani siku hizi ambapo kila mtu ana simu ya mkononi? Swali hilo ni la haki. Barua zimepungua sana, na sidanganyi kwamba zitarudi. Lakini faida ninayoizungumzia haitokani na barua. Anayenunua stempu amelipia huduma ya kusafirishiwa kitu. Akiitunza ndani ya kitabu chake bila kuitumia, posta haibebi chochote, ila fedha imeshapokelewa. Gharama yake ni kubuni, kuchapa na kuuza. Ni kama muuza maji ambaye mteja amemlipa ndoo nzima, kisha akaondoka na kifuniko tu kwa kuwa kimempendeza.

Tahadhari ni kwamba bidhaa hii huharibika sokoni kama nyanya za msimu. Tuvalu, nchi ya visiwa vidogo katika Bahari ya Pasifiki, iliwahi kupata mapato makubwa kwa stempu, lakini miaka ya 1980 ikamwaga matoleo mengi mno na wakusanyaji wakapoteza imani. Nasi tuliteleza katika miaka ya 1980 na 1990, pale jina la Tanzania lilipowekwa kwenye stempu nyingi zenye waimbaji wa Marekani na mambo mengine yasiyotuhusu. Mteja wa mbali anataka kwetu kile ambacho hakipati kwao.

Wanunuzi hawa pia huangalia kwa makini. Katika zile stempu za Kenya, majina ya kisayansi ya makombe mawili yalikosewa na baadaye yakarekebishwa. Mpaka leo wakusanyaji hutenganisha zenye kosa na zisizo na kosa.

Hivyo nashauri mambo matatu. Kwanza, posta zetu zitoe toleo moja au mawili tu kwa mwaka la viumbe wa bahari yetu, kama papa potwe wa Mafia, kasa, nguva, pweza na hata mwani unaolimwa na akina mama wa Zanzibar. Jina la Kiswahili liandikwe pamoja na la kitaalamu, likiwa limehakikiwa. Pili, kazi ya kuchora washindanishwe wasanii wetu. Wachoraji wa Tingatinga wanachora samaki kila siku, na alama yao inajulikana nje. Tatu, na hili ndilo kubwa, stempu zisifungiwe kwenye dirisha la posta. Yule mwenye meza ya makombe apewe uwakala, auze kadi ya picha na stempu yake kwa pamoja, na apate kamisheni.

Kamisheni hiyo isipomtosha, ataendelea na makombe na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Hakuna anayeacha riziki kwa sababu ya hotuba. Lakini ikimtosha, atakuwa na bidhaa nyepesi, isiyooza, ambayo mtalii hatanyang'anywa uwanja wa ndege. Siku hiyo mzamiaji atamwacha yule konokono mahali alipo, na mvuvi aliye jirani yake atakuwa na cha kutega.